Sinema ya Nyanya Isiyokwisha

Wiki iliyopita nilikosana kidogo na mjukuu wangu kwa sababu ya Mkorea.

Unanijua, sipendi kushindwa. Nilitoka Nakuru na sanduku moja la bati, nikafanya kazi Birmingham miaka thelathini na kitu, nikasoma jioni baada ya zamu mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli. Nyumba hii ya Milimani, hapahapa Nakuru, niliijenga mwenyewe, bila mume wala mjomba wa kunishika mkono. Lakini hizi tamthilia za Kikorea zimenishinda, na sioni haya kukiri.

Ya Jumatatu ni ya ikulu. Hiyo naipenda kwa mavazi na adabu. Wanavyoinama mbele ya wazee natamani vijana wa hapa mjini waone. Ya Jumanne ni ya daktari aliyepoteza kumbukumbu. Amemsahau mkewe lakini hajasahau kupasua watu, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Ya Jumamosi ni ya tajiri wa viatu ambaye mama yake hataki aoe msichana muuza tambi. Hiyo inanikera. Wanalia kwenye mvua vipindi vinne na hakuna hata mmoja anayefikiria mwavuli. Chakula chao, hata hivyo, nakisifu, na mimi najua meza iliyopangwa vizuri.

Sasa, yule mwana wa mfalme alichomwa mkuki Jumatatu. Nilimlilia. Jumanne nikawasha ya hospitali, na huyo hapo, amevaa koti jeupe. Nikamwambia mjukuu, kumbe alipona. Akacheka akishika tumbo.

"Shosho, huyo ni mwigizaji tu. Hizo ni stori tofauti, hazijuani."

Sikucheka. Nilienda nikasimama jikoni, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, na niliyemwambia alikuwa nyanya yangu.

Ilikuwa miaka ya sitini inaelekea sabini. Tulikaa mimi na nyanya kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja tulichokodishwa na jirani aliyekuwa fundi wa mabehewa. Mama yangu alibaki shambani kule Kabazi akichuma maua ya pareto, akaniacha mjini nisome. Asubuhi niliteka maji kwenye bomba la wote kabla foleni haijawa ndefu, nikapiga deki, nikanywa uji, nikaenda shule. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya magadi, ukitoka upande wa pili ulileta vumbi tu.

Nyanya alikuwa yaya kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Na kila Jumatano alasiri jumba moja la sinema mjini lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Wanaume hawakuruhusiwa, hata wa kuuza karanga. Mama mwenye duka alivaa sari yake nzuri, akachukua wakwe na mawifi, na nyanya akaenda nao kumbeba mtoto wao mgongoni. Katika landhi nzima hakuna mwingine aliyeingia sinema kila wiki, na mimi shuleni nilihakikisha kila mtu anajua.

Shida ilikuwa mtoto. Mtoto akilia, nyanya alitoka naye, akambembeleza nje ya ukumbi karibu na ngazi mpaka alale, kisha akarudi. Na mtoto yule hakupenda nyimbo za huzuni. Kwa hiyo nyanya aliziona filamu vipande vipande. Lugha pia hakuijua, zaidi ya yale maneno machache ya jikoni.

Lakini jioni alipofika nyumbani na bajia zake ndani ya gazeti, nguo zake zikinukia mafuta ya nywele ya watu wengine, alikuwa na hadithi nzima. Aliwasha pasi ya makaa, akanyoosha nguo alizopewa kama kazi za ziada, akasimulia. Majirani wawili watatu waliingia na vigoda vyao. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe alichukuliwa. Wiki moja mama huyo alikuwa tajiri, wiki nyingine alibeba mawe barabarani. Kijana alipigwa risasi Jumatano moja, Jumatano iliyofuata yuko juu ya farasi anaimba.

"Si walimzika?" jirani mmoja alimuuliza siku moja.

"Walizika sanduku," nyanya akajibu bila kuinua macho. "Uliona wamelifungua?"

Kila mtu mle ndani alijua kuhusu mjomba wangu, mwana wa nyanya. Wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni alipandishwa lori pamoja na vijana wengine wa shamba walilokaa kule Kabazi, nyanya akaambiwa amepelekwa kambi ya kizuizini. Kambi zilifungwa, wengine wakarudi, yeye hakurudi. Baadaye mtu alileta habari kwamba alifariki, lakini kaburi hakuna aliyeonyeshwa. Sasa nyanya alikuwa na mahali ambapo kila Jumatano vijana waliokufa walirudi, na alijionea kwa macho yake.

Mimi hayo sikuyaunganisha. Nilikuwa darasa la sita, namba moja, na nilitaka kujua mambo yanavyokwenda. Nikamuuliza mwalimu inawezekanaje mtu afe Jumatano hii na afufuke Jumatano ile. Mwalimu alinieleza vizuri. Yule ni mtu wa kazi kama fundi yeyote. Akimaliza filamu moja anaajiriwa nyingine, anapewa jina jipya na mama mpya. Kisha akasema alivyozoea kutuambia darasani: ukijua jambo, simama ulitamke kwa sauti.

Basi nikasimama. Jumatano hiyo, majirani wapo, nyanya yuko katikati ya maneno, nikamkatiza.

"Cucu, hiyo si hadithi moja. Kila wiki ni nyingine. Yule akifa amekufa, anayerudi ni mwigizaji tu."

Jirani mmoja akasema watoto wa siku hizi wamepakwa chaki mpaka ulimi. Nyanya aliirudisha pasi juu ya kigae chake, akaniangalia. Hakukasirika.

"Mwalimu ndiye amesema?"

"Ndiyo."

"Basi ni kweli."

Wiki iliyofuata alikwenda kama kawaida, akarudi na bajia. Nikamuuliza sinema ilikuwaje. Akasema mtoto alilia. Wiki nyingine vilevile, mtoto alilia. Majirani waliacha kuja na vigoda. Mwishowe niliogopa, nikamwambia huenda mwalimu amekosea, yeye hajawahi kuingia lile jumba. Nyanya akanishika kichwa na mkono uliokuwa bado na joto la pasi. "Hajakosea," akasema. "Wewe soma."

Nikasoma. Zile kazi za ziada za kunyoosha nguo ndizo zilizonipeleka sekondari, na sekondari ikanifikisha nilikofika. Najivunia kila hatua, sitakudanganya. Ila sijui kama aliamini kweli kwamba ni hadithi moja, au alijua tangu mwanzo na alikuwa anaishona mwenyewe, kwa sababu alihitaji pa kumweka mtoto wake. Nimelifikiria hili kwa miaka mingi na bado linanichanganya.

Landhi yetu nilipita juzi, nikakosea mlango. Lile jumba la sinema sasa linauza magodoro. Nyanya alifariki nikiwa ng'ambo, na majirani wale sijui walikoishia. Nimebaki na hadithi peke yangu, nikijaribu kutenganisha kipi kilitoka kwenye filamu, kipi kilitoka Kabazi, na kipi alikitunga akisubiri mtoto alale pale kwenye ngazi. Siwezi.

Na usiku tamthilia zote za Kikorea zinapokwisha, nakumbuka nyanya alipokuwa amefika katika hadithi nilipomkatiza. Kijana alikuwa ameshapanda treni ya kurudi. Mama yake alikuwa stesheni tangu asubuhi. Treni ilikuwa inaingia, na mama anatembea kando yake akichungulia dirisha moja baada ya jingine. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sijui kama mwanawe aliteremka.