Cherehani Ndani ya Mvumo

Nilipanga chumba cha juu kwa wiki tatu. Chini yake aliishi mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na ushei. Mtaa mzima ulimwita Mama Fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, na kufuli la mlango lilikuwa limeanza kushika kutu.

"Magoti," aliniambia nilipouliza mbona hafungui. "Magoti yamenigomea."

Lakini ngazi alizipanda bila kushika ukuta. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, alinigongea mlango.

"Mgeni, friji yako inakufa."

"Sina friji, mama."

"Sasa nini kinanguruma humu tangu juzi?"

Nikamwonyesha spika yangu ndogo. Nilikuwa nasikiliza muziki wa watu wanaojirekodi wenyewe vyumbani mwao, wasio na kampuni wala mwimbaji. Sauti moja inavuma dakika ishirini, nyingine inaingia chini yake taratibu, kisha labda mlango unafungwa mahali fulani. Nimejaribu kuueleza muziki huo kwa lugha tano, na zote zimenitupa mkono.

"Wimbo unaanza lini?" aliuliza baada ya muda.

"Ndio huu, mama."

"Na watu wanaucheza?"

"Wanakaa kimya tu."

"Makubwa!" Lakini hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa mpaka mwisho. Ulipoisha alishika masikio yake kama mtu anayepapasa mfuko ulioibiwa.

"Dakika zote hizo sijausikia mluzi," alisema.

Ndipo ukweli ukatoka. Mwanzoni mwa mwaka aliugua homa, akapewa vidonge vikali. Homa iliondoka, mluzi ukabaki masikioni. Na yeye alikuwa fundi wa sikio. Kwa miaka thelathini na tano mteja alizungusha gurudumu, naye, amempa mgongo, akataja kilicholegea. Baada ya homa, fundi nguo mmoja alimletea cherehani. Akaisikiliza, akasema nzima. Ikakwama siku ya pili katikati ya rundo la sare za shule, na yule bwana akaitangaza habari hiyo sokoni kwa kicheko. Kesho yake Mama Fundi alifunga mlango, akabuni magoti.

"Wanasema sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Langu mimi, dawa ndiyo imeliua."

Binti yake, aliyeyaamini hayo magoti, alikwisha kumtafutia mnunuzi wa kibanda na vifaa vyote. Jibu lilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mama Fundi akawa anapanda kwangu kila alasiri. Mwanzoni alifuata nafuu tu, maana mvumo uliumeza mluzi. Kisha akaanza kuniambia nipunguze sauti. Alifumba macho na kuinua kidole kila kitu kipya kilipoingia. "Hapo. Kuna kingine, chini kabisa." Mimi mwenye masikio mazima nilikisikia mara ya tatu. Tulimsikiliza mwanamke aliyerekodi mabomba ya maji, na ndugu wawili walioburuta viti kwenye ukumbi mtupu. "Hawa," alisema, "mama yao hakuwepo nyumbani."

Jumanne nikaweka kazi ya mtu mmoja wa mbali sana mwenye wasikilizaji kumi na wanane, mimi nikiwa mmojawapo. Mvumo mrefu, na ndani yake kitu kikigonga pole pole. Daftarini mwangu nilikuwa nimeandika: mvua kwenye bati.

"Hiyo cherehani," alisema Mama Fundi.

"Mama, hiyo mvua."

"Mvua gani inayodondoka kwa zamu? Hiyo cherehani ya miguu. Ameipunguza kasi, lakini ndiyo yenyewe. Mkanda ulikatika, ukaungwa kwa waya, na kila ukizunguka waya unagonga gurudumu." Kisha uso ukamshuka. "Au sikio linanidanganya tena."

Nikamwandikia mwanamuziki. Uzuri wa mwenye wasikilizaji kumi na wanane ni kwamba hujibu barua. Huyu, hata hivyo, Jumatano hakujibu, na Alhamisi kimya. Mama Fundi hakupanda tena. Nilisikia sufuria zake tu. Ijumaa asubuhi binti alifika na karatasi ya mnunuzi, akamwekea mama yake kalamu mezani. Ndipo simu yangu ikatetemeka. Nikashuka mbio, nikasimama mlangoni mwa jiko, nikaitafsiri barua neno kwa neno:

"Ni cherehani ya marehemu shangazi yangu, nimeipunguza mwendo. Mkanda wake aliuunga mwenyewe kwa waya. Nani amesikia hilo? Wengine wote huniandikia kuhusu mvua."

Mama Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kumbe lipo," alisema. "Sikio langu lipo."

"Sikio?" binti akashangaa. "Si magoti, mama?"

"Magoti mazima, mwanangu. Niliona aibu kusema."

"Mama! Na chupa sita za dawa ya kuchua nilizokununulia?"

"Zipo kabatini. Wewe ukizeeka utazikuta."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi, kisha machozi. "Na huo mluzi je?"

"Upo. Acha upige. Nimeshajua kupita chini yake."

Karatasi ikarudi mkobani. Alasiri ile alitia mafuta kufuli, akafungua. Wa kwanza kuleta cherehani alikuwa yule yule bwana wa sare. "Zungusha," Mama Fundi alimwambia, akampa mgongo.

Wiki iliyofuata niliaga. Nilikuwa nimefika barabarani nikiburuta begi langu la magurudumu aliponiita kutoka kibandani.

"Mgeni! Gurudumu la kulia hilo, halifiki mbali!"

Nilicheka, nikampungia mkono. Basi lilikuwa linaondoka. Gurudumu lilichomoka nilipovuka mpaka wa pili, katikati ya kituo, na watu walinishangaa nikicheka peke yangu na gurudumu mkononi.