Chumba cha Alan

Wengi mmeniuliza kwa nini niliondoka Temeke nikamwacha mke na mtoto anayetambaa. Niliondoka kwa ajili ya mbu. Nilikuwa mtafiti kijana wa malaria, nikapata tuzo ya kubadilishana watafiti: mie niende Uingereza mwaka mmoja, na Mwingereza wa rika langu, Alan, aje afanye kazi yangu huku.

Alan aliwasili kabla sijasafiri. Nilimwonyesha madimbwi tunakochota viluwiluwi, kisha nikamleta nyumbani. Mke wangu, Anastazia, alimpakulia wali na samaki.

“Shemeji,” akamwambia, “naona mnabadilishana kama vyombo.”

Alan alicheka, Kiswahili hajakijua. Mie sikucheka.

Asubuhi ya safari, bandarini, Anastazia alimnyanyua binti yetu, Veronika, ili anione melini. Mtoto alikuwa akitazama winchi.

Tukapita Mombasa, Aden, mfereji wa Suez. Baada ya Suez nilivaa sweta, na sikulivua tena.

London nilipokelewa na mama yake Alan, mjane, aliyenipa chumba cha mwanawe. Hata mzigo sijautua, akauliza, “Anakula?”

“Anakula, mama. Mke wangu atampikia kila Jumapili.”

Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Jioni za baridi tuliota moto wa makaa. Yeye alitaka kujua mvua ya kwetu inasikikaje juu ya makuti. Mie nilimuuliza mtoto wa mwaka mmoja hufanya nini.

“Huanza kusema,” akajibu. “Alan alianza na ‘taa’.”

Usiku ule nilijaribu kukisia neno la Veronika. Sikuweza. Hata sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea.

Baridi ilipopungua, mkuu wa maabara alituongezea mwaka, mie na Alan, tukikubali. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na heshima kama ile nilikuwa nimeiota tangu chuoni. Mezani nikamweleza mama. Akaweka kijiko chini.

“Usikatae kwa ajili yangu.”

“Si kwa ajili yako, mama. Nataka kurudi kabla mwanangu hajanisahau.”

“Ameshakusahau,” alisema kwa upole. “Nenda akujue upya.”

Nikakataa ule mwaka.

Nilifika Temeke Jumapili mchana. Alan alikuwa barazani, Veronika mapajani mwake akimvuta miwani. Nilipomwita mtoto, alificha uso kwenye shati la Alan. Alan, amewiva uso, akajaribu kunikabidhi. Mtoto akapiga yowe.

“Mwache,” nikasema, nikaketi mkekani.

Alan akaniuliza, kwa Kiswahili cha Temeke hasa, “Mama yangu hajambo?”

“Hajambo. Anakungoja.”

Akainama, akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

Kesho yake tulimsindikiza. Meli ilipoondoka Veronika alimlilia Alan, akijinyonganyonga kila nilipomgusa. Nikamtazama Anastazia anisaidie.

“Mbebe,” akasema. “Ni wako.”

Niliyojifunza kuhusu mbu nimeyaandika kwingine. Haya nilijifunza kati ya bandari na Temeke: kwamba mtoto anaweza kumlilia mwingine akiwa mikononi mwako, nawe ukamshika tu. Tulipopita Keko kilio kikawa kwikwi, kisha usingizi. Kichwa chake kikalala begani pangu, kizito, chenye jasho. Anastazia akataka kunipokea mtoto. Nikamkatalia, nikapunguza mwendo ili tusifike upesi.