Auleria wa Kompyuta Namba Tatu

Auleria aliajiriwa kufagia chumba cha kompyuta, si kukaa kwenye kompyuta, na mwaka mzima alifanya hivyo tu. Chumba chenyewe kilikuwa katika kituo cha mafunzo huko Ngara, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kilikuwa na mashine tano, jenereta moja lenye hasira, na mwalimu aitwaye Philbert, ambaye kila mchana, wanafunzi wakienda kula, alifungua gemu lake kwenye kompyuta namba tatu na kuua watu kwa upanga.

Siku moja mwaka 2007, Auleria akiwa ameegemea ufagio, alitaka kujua nyuma ya kilima kinachoonekana mle kwenye gemu kuna nini. Philbert akamweleza kwamba mchezo una kazi yake: unafuata mshale, unafika kwa joka, unalimaliza. Kilima hakihusiki. Kwani huwezi kwenda, Auleria akauliza. Philbert akakiri kwamba unaweza. Nchi yote iko wazi, mtu aende apendako, ila huko hana cha kufanya.

"Nitasalimia watu," akasema Auleria, akavuta kiti.

Basi mjane wa miaka hamsini na mbili, aliyeishia darasa la nne, akapata nchi ya pili. Wiki ya kwanza aligonga kuta tu. Ya pili akautupa upanga mtoni, kwa kuwa hakuona wa kumkata. Ya tatu akafika nyuma ya kilima, akakuta ziwa na kibanda cha mzee anayekausha samaki, akafurahi kuliko Philbert alivyofurahi siku alipolimaliza joka. Mchezo ule ulimruhusu mtu kuingia nyumba yoyote na kubeba chochote, na Philbert alikuwa akikwapua hata vijiko. Auleria aliona aibu kwa niaba yake. Yeye haingii kwa mtu mikono mitupu. Alichuma uyoga njiani, akauweka chini karibu na meko, akatoka. Baada ya muda nusu ya nchi ilikuwa na uyoga sakafuni. Philbert alicheka mpaka akashika tumbo, akamwambia watu wale hawaoni uyoga wala hawajui kama kuna mgeni. Auleria akajibu kwamba yeye anajua.

Shoga yake mkubwa aliitwa Esperansia, mkimbizi wa pale kambini. Walikutana sokoni miaka kumi na mitatu nyuma, Kihangaza cha mmoja na Kirundi cha mwenzake vikasikilizana bila taabu, na tangu hapo wakalima pamoja shamba la maharage la Auleria. Shamba lilikuwa ndani ya kilomita nne kutoka kambini, ambazo mkimbizi hakuruhusiwa kuzivuka bila kibali. Sasa kambi ilikuwa inakaribia kufungwa. Watu walijiandikisha kurudi kwao, malori yaliondoka, na Esperansia alikuwa hajaandika jina. Kila alipoulizwa alisema wiki ijayo. Auleria hakumuuliza. Alikuwa akiomba wiki hiyo isifike, tena aliomba kanisani, na akitoka alijionea haya.

Akaamua kumleta kituoni angalau acheke kidogo. Akamkalisha, akamshikisha kipanya. Esperansia alitembea vizuri hadi kwenye lango la mji, ambako askari amesimama na mkuki. Hapo akasimama. Auleria akangoja, akadhani vidole vyake vimechoka.

"Mbona huendi?"

"Hajaniita," akasema Esperansia. "Na karatasi naitoa wapi?"

Auleria alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Askari yule aliwekwa kama pambo tu, na Philbert alikuwa amempita mara mia bila hata kumtazama. Akamwambia mwenzake taratibu kwamba huyo hamzuii mtu. Esperansia akasogea hatua moja, akautazama mkuki. Akasogea nyingine. Akapita.

Baada ya hapo hakushikika. Alivuka mto, akapanda kilima, akalizunguka ziwa, akashuka upande ambao hata Auleria hakuwahi kuufikia. Philbert aliporudi kutoka kula alisema mshale uko upande mwingine, Auleria akamwambia amwache. Jasho lilimtoka Esperansia kana kwamba anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Saa ya darasa ilipofika, Philbert akauliza kama amrudishe mtu wake wa kwenye gemu mjini.

"Mwache hapo alipofika," akasema Esperansia.

Walirudi kwa miguu mpaka walipolikaribia shamba. Hapo Esperansia akasema kwamba Jumatatu anakwenda kujiandikisha. Auleria alitafuta maneno ya pongezi, ukweli ukamtangulia.

"Nilikuwa naomba ubaki."

"Najua, dada. Kambini kila mtu alinisukuma, huyu nenda, yule kaa. Wewe peke yako uliniacha, na ulikuwa unaumia."

Auleria alijua kwamba kutomuuliza kwake hakukuwa hisani. Ulikuwa woga wa kubaki peke yake, na alitaka kulisema hilo pia. Lakini Esperansia alikwisha kumshika mkono, na hakuuachia mpaka walipofika kambini.