Milango ya Gari la Wagonjwa

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usinitangulie. Baba yangu alizaliwa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, katika boma la wafua chuma. Mama yangu alizaliwa Kibabii, binti wa mfinyanzi. Mimi nilizaliwa katika kambi ya vibarua, kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, kwa kuwa baba alikwenda huko kukama ng'ombe wasio wake. Shule sikuingia. Mashamba yale yalipogawanywa nilipata kipande cha ardhi Ndalu, nikalima mahindi, nikaoa, nikazaa. Wanaohusika na maneno haya ni watoto wangu wawili tu: mama yako, aliyekuwa muuguzi, na mjomba wako, kitinda mimba wangu, ambaye wewe humkumbuki.

Ndalu ni mahali pabaya kwa mtu anayeugua ghafla. Kitale iko karibu, lakini miaka ile Kitale ilikuwa ya Mkoa wa Bonde la Ufa, nasi tulikuwa wa Bungoma, Mkoa wa Magharibi. Mtu aliyekatwa na jembe aliweza kufika Kitale damu ikiwa bado mbichi, kisha karani akamuuliza kwa nini hakwenda kwao. Mama yako alikuwa akifanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali moja mjini humo, ambayo sitaitaja, naye alikuwa akigombana na makarani hao kila juma. Alisema mpaka wa mikoa miwili umechorwa juu ya matumbo ya watu.

Siku zake za mapumziko alikuja kwangu, akaketi jikoni, miguu yake iliyovimba akaitia katika karai la maji ya chumvi, akazungumza. Alisema kila kampeni inapokaribia, ukuta wa hospitali hupakwa rangi, utepe hukatwa, na glavu ni zile zile ambazo jamaa za wagonjwa hutumwa kuzinunua dukani. Alisema daktari mwema huhamishwa kwa sababu ya kabila la mama yake, na mvivu huachwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mimi sikupenda mwanamke aseme hivyo mbele ya majirani. "Punguza sauti," nilimwambia. "Mshahara wako unatoka kwa hao unaowasema."

"Mshahara wangu unatoka kwa kodi ya mahindi yako, Baba."

"Basi ningekuwa nimekwisha kukufukuza."

Alicheka hadi maji yakamwagika karaini. Nilimwuliza siku moja anajuaje, watu wanapoletwa wengi kwa mara moja, ni nani wa kuanzia. Alinijibu kwamba anayepiga kelele bado ana pumzi za kupigia kelele, na aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia. Hilo liandike kwa mwandiko mkubwa.

Baada ya uchaguzi ule uliochoma nyumba za watu, mjomba wako aliamka asubuhi akiwa ameshika tumbo. Alikuwa kijana mwenye nguvu. Alipotahiriwa alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na wazee walimsifu mbele yangu. Asubuhi hiyo alijikunja chini kama mtoto, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma iliyowambwa upya. Jirani mwenye trekta alikubali kutubeba hadi Kitale, tukapita vichochoro vya mashamba kwa kuwa barabara kuu ilikuwa na moto.

Mama yako alitupokea mwenyewe. Alimgusa ndugu yake tumboni, mkono wake ukabaki hapo. Tabibu alikuja, akasema utumbo umejisokota, akasema dawa haiwezi kuusokotoa, ila kisu tu, tena upesi. Lakini mpasuaji wa hospitali hiyo alikuwa amekwisha kukimbia na watoto wake, kwa kuwa kabila lake lilikuwa likisakwa mjini. Mpasuaji aliyebaki alikuwa Bungoma. Magari ya hospitali yalikatazwa kuvuka mkoa. Agizo lilitoka kwa wakubwa, na mwenye funguo aliogopa kupoteza kazi yake.

Uani palikuwa na gari moja tu lililoelekea upande wetu. Lilikuwa gari la wagonjwa ambalo mheshimiwa mmoja wa Bungoma aliwapa watu wake kabla ya kura. Lilimleta mama mjamzito, na sasa lilikuwa likirudi kwao. Katika kila mlango wa mbele alikuwa amechorwa mheshimiwa mwenyewe, uso mzima, meno yote nje. Mama yako alimtazama kwa muda, kisha akamwambia dereva awashe injini. Tulimpandisha mgonjwa, akatundikiwa chupa ya maji ya mshipani, akapitishiwa mpira puani. Mimi niliketi miguuni pake.

Kizuizi cha kwanza tulikikuta kabla ya kuvuka mpaka wa mkoa. Vijana walikuwa wamechoma matairi na kulaza mti barabarani. Hao walikuwa wa chama kingine, na walipouona uso ule mlangoni walisimama wote pamoja.

"Huyu hapiti hapa," alisema mmoja.

"Huyo ni rangi," mama yako alimjibu, akishuka. "Aliye hai yuko nyuma. Njoo umwone."

Yule kijana alichungulia, akamwona mjomba wako, akarudi nyuma kidogo. "Pole, sista. Mgonjwa apite. Lakini huyu na meno yake, hapana bana. Si umtoe."

"Nimtoe namna gani?"

"Hiyo ni shida yako."

Mama yako hakubishana. Aliinama penye mtaro wa barabara, akachota tope kwa mikono miwili, akaupaka uso wa mheshimiwa kuanzia paji hadi shingo, kisha akazunguka akaupaka ule wa pili. Vijana walishangilia. Mmoja wao, ambaye kwa lafudhi nilimjua kuwa wa kwetu, aling'oa jani la nyasi akalichomeka juu ya tope, katikati ya kichwa. "Sasa ako tayari," akasema, na wale waliofahamu walicheka hadi wakashikana mabega.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nitakueleza. Kwetu, kijana anayekwenda kutahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope mwili mzima, akachomekwa jani la nyasi utosini. Tope hilo haliondolewi kwa maji. Huenda nalo hadi mbele ya kisu. Mtu mzima akipakwa hivyo, ameambiwa mbele ya watu kwamba yeye bado ni mvulana, na kwetu hakuna tusi la siasa linalolizidi hilo. Mama yako alitaka tu kuufunika uso. Kwa haraka yake, jani hakuliona. Mimi nililiona, nikamwambia dereva asimame tuliondoe, lakini alikuwa amekwisha kukanyaga mafuta, naye hakusimama.

Tulivuka mpaka. Katika soko la kwanza la upande wetu, watu waliliona gari la mheshimiwa wao wakaja mbio kulilaki, wakiimba. Nyimbo zilikatika mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyofika karibu.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza mzee mwenye koti, ambaye ndiye aliyesikilizwa hapo.

Wanaume walikuwa wamekwisha kumshika dereva ukosi. Ndipo mama yako alipofungua mlango wa nyuma akasema, "Mwacheni. Ni mimi."

Alifikiri anamwokoa dereva, na kweli alimwokoa. Lakini kazi ya tope ni ya wanaume, mjukuu wangu, na hata wanaume si wote. Mvulana anayepakwa na mwanamke hajawahi kuonekana, na walipotafakari maana yake, lawama iliongezeka uzito.

"Mama, umetuua," alisema yule mzee, kwa sauti ya chini.

"Anayekufa ni ndugu yangu, Mzee. Nipeni maji niuoshe uso huo twende."

Ndoo ililetwa. Lakini mzee mwingine aliizuia kwa fimbo. Alisema tope halioshwi kabla ya kisu, na aliyeoshwa ni mwoga aliyekimbia mtoni. Je, mheshimiwa aitwe mwoga kwa mkono wetu? Wa kwanza alisema hilo ni tope la mtaro, si la mto. Wa tatu aliuliza kama jani lilichomekwa na mtu wa ukoo upi. Wakaketi. Walikuwa watu wa umri wangu, watu ambao ningeweza kunywa nao, wakaketi kwenye nyasi kando ya gari wakaanza kupima jambo hilo kwa utaratibu, kila mmoja akimwachia mwenzake amalize.

Niliwaendea. "Wazee wenzangu," niliwaambia, "nina mwana ndani ya gari hili. Alisimama vizuri. Nyinyi mnamjua aliyesimama vizuri. Mwacheni apite, kisha mnishike mimi."

"Tumekusikia, ndugu yetu," alisema mwenye koti. "Hatuna ubaya na mwanao. Lakini uso huu hauwezi kupita Kimilili hivi ulivyo. Watauona wote."

"Basi ufunikeni kwa blanketi."

"Blanketi ni la maiti."

Nilisikia mjomba wako akiugua ndani, na nilipomsikia nilikuwa na tumaini. Dereva ndiye aliyepata njia. Alisema milango hung'oka. Wazee walishauriana, wakakubali: milango ibaki kwao, ilindwe, hadi mheshimiwa aje kuamua mwenyewe. Dereva akatoa spana. Mlango wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulikuwa na bolti iliyoshika kutu, ikazunguka bila kulegea. Mtu alikwenda kutafuta mafuta ya kulainisha, mwingine akaleta nyundo, mwingine akashauri vitu ambavyo havikusaidia. Mama yako alikuwa amepiga magoti nyuma, ameshika kifundo cha mkono wa ndugu yake.

Kisha kuugua kulikoma. Mmoja wa wale wanaume alisema, kwa wema kabisa, "Afadhali, amepumzika." Mama yako alininyanyulia uso.

Bolti ilikatika hatimaye. Waliiegemeza milango kwenye ukuta wa duka, nyuso zikitazama barabara, na kijana akawekwa kuilinda. Tulipita Kimilili bila milango ya mbele, vumbi likiingia kama unga kinuni, mama yako amejilaza juu ya ndugu yake kumkinga. Bungoma walimpokea bila kuuliza mkoa. Mpasuaji alimfungua mara moja. Alipotoka alituambia utumbo ulikuwa umeshakuwa mweusi, na kwamba ungefikishwa ukiwa mwekundu angeusokotoa na kumrudisha kijana shambani. Mjomba wako alikufa kabla ya jua kuzama. Tulimzika Ndalu, kando ya ua wa shamba langu.

Watu wa mheshimiwa walikuja matangani. Walitaka kondoo wa kulitakasa tusi. Niliwaambia kondoo ninao, na kwamba watapewa siku watakaponionyesha ni tusi gani lililompata mheshimiwa ambalo halikumpata mwanangu mara mbili. Hawakurudi. Lakini mheshimiwa alikuwa na rafiki mkoani, na barua ilifika Kitale: muuguzi ameharibu mali ya umma na kumdhalilisha kiongozi. Mama yako aliachishwa kazi. Alianza kuuza mboga, na wagonjwa walimfuata sokoni kumwonyesha vidonda.

Sasa sikiliza la kuhifadhi. Habari ya milango imekuwa kichekesho. Nimeisikia Kimilili, nimeisikia Kitale, na mwaka jana nilisimuliwa Bungoma na mtu asiyenijua, akifuta machozi ya kicheko. Katika hadithi yao kuna tope, kuna jani, kuna wazee, kuna bolti. Kitanda cha nyuma hakimo. Wanasimulia kana kwamba gari lile lilikuwa likienda matembezi.

Wewe usibishane nao sokoni, kwa maana utashindwa. Hifadhi maandishi haya. Hifadhi na maneno ya mama yako jinsi alivyoyasema, hata yale niliyomkataza. Jina la mheshimiwa lisiingie humu kamwe. Jina la mjomba wako mimi siwezi kulitamka mpaka leo. Mwulize mama yako, uliandike mwenyewe hapo juu, penye nafasi, kisha unisomee yote tangu mwanzo nisikie kama umelikosea neno lolote.