Wimbo wa Bura

Mwanangu Pendo, siku ile ya dansi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, Oldeani, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na bibi yako asinisikie. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, vijana wetu wanarudi, na sisi bendi ya shamba la kahawa tulitakiwa tuwachezeshe. Mimi nilipiga gitaa la rithimu. Kiongozi wetu alikuwa Gwandu, fundi wa mashine za kukoboa kahawa, mtu mrefu, mkimya, ila akishika solo hata padri alitikisa mguu.

Ninyi vijana mnadhani nyimbo za mambo mazito mmezianza ninyi na simu zenu. Wapi! Vita vile viliingia kila mahali. Watoto walikimbia mchakamchaka wakiimba vita, wanawake walichuma kahawa wakiimba vita. Nasi tulichukua wimbo mmoja wa mchakamchaka, wa kumcheka adui alivyokimbia, tukautia magitaa na tumba. Watu waliupenda kupita kiasi. Tukiupiga, hakuna aliyebaki kwenye benchi.

Mchana ule, tukiwa katikati ya wimbo huo, Mama Bura akatokea. Mwanawe Bura alikwenda vitani hakurudi, wala maiti haikuletwa. Kwetu Wairaqw zamani zile, mtu aliyefiwa na mtoto alitengwa kwa muda. Haingii ua wa jirani, hali chungu kimoja na wenzake, maana watu walihofia msiba utawafuata. Leo mambo hayo yamefifia, lakini siku zile hata wengi tuliokwenda kanisani tuliyashika. Kwa hiyo hakuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa akaita, "Gwandu, nyamazisha hayo magitaa. Nina neno."

Muziki ukakatika, watu wakarudi nyuma. Mpiga tumba wetu akanong'ona, "Mwambie arudi kwake, atatuletea mkosi." Gwandu hata hakumtazama. Aliweka gitaa chini, akatoka nje ya ua, akaketi kwenye majani karibu kabisa na miguu ya yule mama. Mbele ya watu wote, mwanangu! Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu Gwandu saa ile.

"Mnaimba adui alivyokimbia," Mama Bura akasema. "Sawa, alikimbia. Na waliomkimbiza je? Mwanangu hana kaburi. Jina lake halitajwi mbele yangu, watu wananiogopa. Nikifa mimi, nani atamtaja? Mwimbeni."

"Mama, hatujui alivyokufa."

"Hata mimi sijui. Ninachokijua ni alivyoishi."

Akaanza kusimulia. Bura alivyokuwa akigombana na ng'ombe kama watu wazima wenzake, na alivyodokoa viazi jikoni akamsingizia paka. Tena alivyoogopa radi, kijana mzima mwenye ndevu, anajifunika blanketi gubigubi. Watu wakaanza kusogea kwenye ua wasikie. Wakacheka. Mama mwenyewe akacheka, halafu akalia, na Gwandu akakaa vilevile, hakumharakisha.

Alipotulia, Gwandu akamuuliza, "Unaniruhusu niyaimbe haya yote? Hata ya radi?"

"Hasa ya radi," mama akajibu. "Aliiogopa, na bado alikwenda."

Basi, huo ndio wimbo uliotoka. Msimu wa kahawa haujaisha tayari unaimbwa mashambani, ukafika sokoni Karatu, ukapanda hadi Mbulu. Kina mama wengine wakaja na majina ya wanao, Gwandu akayaongeza. Ule wa kumcheka adui tuliuacha wenyewe, hakuna aliyeuomba tena. Na Mama Bura, kabla muda wake wa kutengwa haujaisha, jirani mmoja alimwita ndani akamkaribisha kibuyu cha uji. Nilikuwepo. Alishika kile kibuyu muda mrefu kabla ya kunywa.

Sasa wewe. Jana uliniimbia wimbo wako kuhusu wafugaji wa Loliondo walioandamana kwa ajili ya malisho yao. Biti tamu, sauti unayo, na babu yako anavimba kichwa. Wale mama waliotangulia mbele wakiimba Kimaasai nimewaona kwenye simu yako, nikavua kofia humuhumu ndani. Lakini wimbo wako una ngumi na makelele tu, mwanangu. Hauna mtu hata mmoja ndani yake.

Usikasirike. Usiende studio kwanza. Panda gari uende huko, ukae na mmoja wa wale mama. Usimuulize alipigania nini, hilo kila mtu anamuuliza. Muulize ng'ombe wake mkorofi ni yupi, muulize anaogopa nini. Kisha uombe ruhusa, na ukishatunga, yeye awe wa kwanza kuusikia. Akikuambia toa mstari huu, utoe, hata kama ndio unaoupenda kuliko yote. Maumivu ni yake, wewe umeazimwa tu.

Haya, nenda. Mungu akuvushe salama kwenye barabara zile mbovu, akujalie mlango wa mtu atakayekupa chai, na subira ya kukaa pale mpaka amalize kulia.