Kopo la Vipande

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, redioni walimwita Mama Wembe. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kukata kanda za hadithi ili zienee katika robo saa. Aliulaza utepe kwenye kibao cha chuma chenye mfereji, akaukata mshazari kwa wembe, kisha akaziunganisha ncha kwa karatasi ya gundi. Ilikuwa kazi ya vidole na masikio. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe kimoja, jioni anajiita mhariri.

Vilivyokatwa vilitakiwa kutupwa. Yeye aliviweka kwenye kopo la biskuti, kila kipande na kikaratasi chake: jina la hadithi, tarehe, na mahali kilipotoka. Kaka alikuwa akimtania kwamba kaolewa na takataka.

Mwaka jana tulisikia kwamba kanda zote zitahamishiwa kwenye kompyuta, kisha zichomwe moto. Shemeji, mstaafu wa siku nyingi, akalikwapua kopo lake na kwenda kwa mkuu wa idara. Nilimsindikiza, maana ngazi zile magoti yake hayaziwezi tena.

"Lakini mama, hadithi si zipo kamili?" akauliza mkuu, kijana wa kumzaa.

"Zipo kamili kama kuku aliyenyonyolewa."

Mkuu akacheka. Akampa mashine ya mwisho iliyokuwa nzima, mpaka Ijumaa.

Siku nne tulishinda chumba cha chini, mimi nasoma vikaratasi, yeye anarudisha vipande. Alhamisi mchana kikabaki kimoja, kikaratasi chake kimebanduka. Akakipitisha kwenye mashine. Sekunde tisa: mvua juu ya bati, mtu akakohoa, basi.

"Hiki tupa, shemeji. Hakina neno hata moja."

"Vitabu vyote vile umesoma, na kusikiliza bado hujajua."

Kanda iliyorekodiwa siku ya mvua ilikuwa moja tu, ya bibi mmoja mfinyanzi. Hadithi yake ilimhusu kaka aliyemfukuza dada yake nyumbani, kisha njaa ilipomshika akaenda kumgongea mlango. Shemeji akainamisha sikio. Mahali pamoja mvua ikaruka, kama mtu aliyekosa ngazi. Mfinyanzi alikuwa amewauliza wasikilizaji, "Nyinyi mngemfungulia?" Na papo hapo akaendelea, "Akamfungulia."

Shemeji akakirudisha kipande pale, akaunganisha, akasikiliza upya. Swali. Mvua. Kikohozi. Hakuna aliyejibu. Ndipo bibi akasema, polepole, "Akamfungulia."

Shemeji akazima mashine, akakaa.

"Miaka yote hii watu wamemsikia yule dada anafungua mlango kama anampisha paka," akasema. "Mimi ndiye niliyemfanya hivyo."



Ijumaa mkuu alikuja mwenyewe kuhamisha kanda. Ilipofika pale akanyoosha mkono.

"Mama, hapa pamekufa. Kompyuta inaondoa ukimya yenyewe, usijali."

"Ondoa mkono. Keti." Akairudisha kanda nyuma. "Swali hili unaulizwa wewe. Ungemfungulia?"

Mkuu akafungua mdomo kujibu, akasita. Mvua ikanyesha. Alikuwa bado anafikiri bibi mfinyanzi alipomwahi: "Akamfungulia." Akachukua kalamu, akaandika kwenye jalada: *Ukimya usiondolewe.* Nakiri sikulitegemea hilo kwake.

Jioni ile mashine ilipakiwa kwenye lori, juu ya viti vibovu. Fundi wa kuitengeneza akitafutwa kesho, hapatikani.

Mwezi uliopita mkwe wangu alitufungulia hadithi ile kwenye simu. Ilipofika kwenye swali akaitikisa simu.

"Imekata, baba."

"Haijakata," shemeji akamwambia. "Wewe ungemfungulia?"