Njia Niliyompitisha Kapteni

Siku ya kwanza nilifika ofisini Mchafukoge saa moja kasoro robo asubuhi, nikamkuta Mkuu wa Sehemu ya Mafao amekwisha kuketi. Alikuwa mzee wa Kilimanjaro, asiyependa mtu anayeegemea meza. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea faili.

"Dirisha la pili ndilo linalotoa fedha," alisema. "Hapa tunatoa maelezo. Fedha ikikosewa, mhasibu huirekebisha. Maelezo yakikosewa, mtu huzeeka nayo."

Nilikuwa na cheti cha darasa la nane tu. Hesabu za riba nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na baada ya miaka minne nikapewa meza ya maafisa wa jeshi na marubani wa shirika la umma. Hawa walistaafu mapema kuliko watumishi wengine, wakiwa bado na nguvu na watoto wangali shuleni. Kila mmoja alijaza fomu ya uchaguzi: ama achukue mafao yote kwa mkupuo, yaani mara moja, ama achukue robo, na kilichobaki alipwe kila mwezi mpaka afe. Fomu ikishagongwa muhuri haikubadilishwa. Miiko ya uongozi ya miaka ile iliwakataza kuwa na nyumba ya kupangisha au biashara wakiwa kazini, hivyo wengi waliufikia mkupuo kama mtoto anayeona bahari mara ya kwanza.

Kanali mmoja alirudi kwetu miezi mitatu baada ya kustaafu. Aliuliza, kwa adabu kabisa, ni ofisi gani inayomletea mstaafu unga wa mwezi. Hakuwa anatania. Maisha yake yote unga ulikuwa umeletwa, akatia saini.

Mkuu wa Sehemu hakucheka. Kanali alipoondoka aliniita. "Kuanzia leo, kabla mtu hajajaza fomu, mpe kapu umpeleke sokoni. Anunue mwenyewe chakula cha wiki."

Ndivyo kazi yangu ilivyotoka mezani ikaingia Kariakoo. Nilitembea nyuma ya brigedia na kanali, mimi na daftari, wao na kapu. Mmoja alijaribu kupita mbele ya foleni ya sukari, na mama aliyekuwa akipanga watu akamzuia: "Afande, vyeo tumeviacha pale barabarani. Simama nyuma ya yule mwenye kilemba." Akasimama. Niliwafundisha pia kutoondoka bila nyongeza, kile kidogo ambacho muuzaji humtupia mteja baada ya kupima.

Kutoka sokoni hatukurudi ofisini moja kwa moja. Niliwazungusha hadi Jangwani, palipokuwa na lori juu ya mawe manne. Lilikuwa mali ya Meja mmoja aliyechukua mkupuo wote. Mwenyewe alikaa kivulini mwake, na hakuona haya kusimulia.

"Nina kibali cha kununua tairi moja tangu mwaka jana," alisema. "Moja, ndugu yangu. Na lori lina sita. Hebu niambie nilifunge wapi."

Wengi waliolitazama lori lile walirudi wakajaza robo.

Kisha akaja Kapteni. Alikuwa rubani, mrefu, mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa kama maji kisimani. Siku ya kwanza alimsalimu tarishi wetu kwa jina, na mimi akanipa mche wa sabuni ya Ulaya, miezi ambayo sisi tulifulia majivu. Mke wangu Zena hakuitumia. Aliiweka sandukuni katikati ya nguo zetu.

"Huyu mtu ana moyo," alisema.

Tangu hapo kila shati nililovaa lilinukia Kapteni. Nilimwonea wivu kwa mpangilio, kama nifanyavyo mambo yangu yote: kwanza viatu, kisha mafao yake, ambayo mimi nisingeyapata hata nikifanya kazi maisha mawili, kisha mke wangu kumsifu mtu ambaye hajamwona. Mimi sikuwahi kupanda ndege.

Sokoni mambo yalizidi. Akina mama walimwita kutoka pande zote.

"Rubani! Utanipeleka lini Ulaya?"

"Siku utakayoshusha bei ya mchicha, mama yangu."

Wakacheka, wakamwongezea bila kuombwa. Nilikuwa nimenunua pale miaka saba, na nyongeza yangu niliidai kila mara.

Tulipotoka, nilisimama njia panda. Kapteni alifuta jasho. "Sasa wapi, mwalimu?"

Nilivitazama viatu vyake. "Huwa tunazunguka Jangwani, lakini kuna matope. Utaharibu viatu."

"Umenihurumia," alisema, na tukarudi kwa njia fupi.

Ofisini aliniambia anataka kununua lori. "Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Fomu ni yako, Kapteni. Mimi natoa maelezo."

Akajaza mkupuo wote. Nikagonga muhuri.

"Ameliona lori?" Mkuu wa Sehemu aliuliza jioni.

"Ameona yote, Mzee." Katika miaka yangu yote ya kazi, huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia.

Mwaka wa pili lori la Kapteni lilikosa vipuri, likavutwa hadi Jangwani, hatua chache kutoka la Meja. Nilisikia kwamba Meja alimuuliza: "Kwani karani hakukuleta hapa? Huleta kila mtu." Baadaye Kapteni akaanza kuuza vitunguu sokoni, na mimi nikaacha kupita safu ile.

Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano. Nyinyi mnaokalia meza ile leo mtafundishwa hesabu nzuri kuliko zangu. Mimi nawaambia tu kwamba mtu anaweza kudhulumiwa bila tarakimu hata moja kukosewa.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilichukua kapu nikajipeleka kwenye somo langu mwenyewe. Safari hii sikuikwepa safu ya vitunguu. Kapteni alikuwa kavaa kandambili, akitaniana na wateja kama zamani.

"Karibu, mwalimu. Kilo ngapi?"

"Moja."

Alipima polepole. "Siku ile tulirudi kwa njia fupi."

"Ndiyo."

"Nilidhani unanihurumia viatu."

"Nilivitamani," nilisema. "Vyote ulivyokuwa navyo nilivitamani."

Alinitazama, kisha akautazama mshale wa mizani mpaka ukatulia kwenye kilo kamili. Akamimina vitunguu kapuni mwangu, akapokea fedha, akasema asante. Hakuongeza kitu, nami sikudai.

Nyuma yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni. Alipimiwa kilo yake, kisha akatupiwa viwili juu. Nilikuwa nimekwisha kuondoka hatua tatu, lakini niligeuka kuvitazama vikianguka, na vilikuwa vikubwa.